Homa ya Matumbo na Ndugu Zake



Somo letu la mara hii tumeliweka juu ya maradhi ambayo hapana nyumba katika miji yetu ya pwani isiyoyajua kwa jina, walakini ni nyumba chache mno ziyajuazo kwa hakika yake. Nayo ni homa ya matumbo, ambayo wengi siku hizi huiita taifodi, pamoja na ndugu zake wanaowaangusha watu kwa kuhara na kutapika baada ya karamu.

Sababu ya kulichagua somo hili ni jambo lililomfika mmoja wa wenzetu wa darasa. Katika muda wa mwaka mmoja aliambiwa mara nne, katika zahanati moja ya mtaani, kwamba ana homa ya matumbo. Kila mara alitolewa damu kidogo, akangoja robo saa, akapewa karatasi na dawa. Mara ya nne alimeza dawa siku tano na homa isishuke. Watu wa nyumbani wakamchukua hospitali akiwa hajitambui, na huko ikaonekana kuwa ana malaria iliyokwisha kumpanda kichwani. Alipona, na shukrani ni za Mwenyezi Mungu. Alipopata nguvu alikuja darasani akatuuliza: "Ndugu zangu, yawezekana vipi mtu akaambiwa ana maradhi mamoja mara nne, na yaliyokuwa karibu kumuua yakawa mengine?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tukasoma, tukawauliza wajuao, na haya ndiyo tuliyoyapata.

VIJIDUDU HIVI NI NINI

Maradhi haya huletwa na vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho tupu, viitwavyo salmonela. Jina hilo limetokana na Daniel Salmon, tabibu wa wanyama wa Marekani, ijapokuwa aliyevipata kwanza, mwaka 1885, alikuwa msaidizi wake Theobald Smith, alipokuwa akichunguza maradhi ya nguruwe. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1880, Mjerumani Karl Eberth alikuwa amekwisha kukiona kijidudu cha homa ya matumbo, na mwaka 1884 mwenzake Georg Gaffky akaweza kukiotesha.

Aina za salmonela zilizohesabiwa ni zaidi ya 2,500, lakini kwa haja yetu yatosha kuzigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni lile la homa ya matumbo. Kijidudu chake hakikai kwa ng'ombe wala kwa kuku. Maskani yake ni mwanadamu peke yake. Fungu la pili ni ndugu zake wengine wote, nao hukaa ndani ya matumbo ya kuku, ng'ombe, mbuzi, mijusi, kasa na wanyama wengi wengineo, na kutoka huko hutufikia sisi.

Tukiujua mgawanyo huu, jambo moja zito latufunukia. Ikiwa kijidudu cha homa ya matumbo hakikai ila kwa binadamu, na kinamtoka kwa choo chake, basi kila mgonjwa wa homa hii amekula au amekunywa kitu kilichoingiwa na choo cha binadamu mwenzake. Tusione haya kulisema jambo hili, kwani haya ndiyo iliyolifanya lisisemwe, na kutosemwa kwake ndiko kunakoyaendeleza maradhi. Daktari William Budd, wa kijiji cha North Tawton nchini Uingereza, aliyaona haya kwa macho yake mwaka 1839, kabla kijidudu chenyewe hakijajulikana. Aliifuata homa nyumba kwa nyumba, akatambua kwamba kila ilipokwenda ilichukuliwa na mgonjwa, na kwamba sumu yake imo katika choo. Wengi wa zama zake walidhani kuwa homa hutokana na harufu mbaya tu, na ilimchukua miaka mingi kukubaliwa.

HOMA YENYEWE

Mtu akikimeza kijidudu hiki, aghalabu hupita juma moja au mawili asihisi kitu. Kisha homa huanza, nayo hupanda kidogo kidogo siku baada ya siku. Huandamana na kichwa kuuma, mwili kulegea, kutotamani chakula, na tumbo kuuma. Wengine huhara, na wengine hufunga choo. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa pasipo kuhara hapana homa ya matumbo. Mgonjwa asipotibiwa mpaka juma la tatu, utumbo waweza kutoka damu, au kutoboka, na hapo hatari huwa kubwa sana. Kabla ya kupatikana dawa za antibayotiki, homa hii ilikuwa ikiua mtu mmoja hadi wawili katika kila wagonjwa 10. Dawa ya kwanza iliyoishinda, kloramfeniko, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wake mwaka 1948.

Lakini asidhani mtu kuwa maradhi haya yamekwisha. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa katika mwaka 2019 waliugua watu milioni 9, na wakafa 110,000, wengi wao katika nchi za Asia ya kusini na Afrika.

KISA CHA MPISHI

Wapo watu wachache, kama 2 hadi 5 katika kila 100 walioipata homa hii, ambao hupona kabisa wao wenyewe lakini kijidudu hubaki kimejificha katika mfuko wa nyongo. Mtu huyo ni mzima, anakula na kufanya kazi, na pengine hakumbuki kuwa aliwahi kuugua. Walakini choo chake hutoka na vijidudu kwa miaka mingi. Mashuhuri wao kuliko wote ni Mary Mallon, mwanamke wa Ireland aliyehamia Marekani akawa mpishi wa matajiri. Kisa chake kina mafunzo kwetu, kwa hivyo tutakieleza.

Mwaka 1906 jamaa ya tajiri mmoja ilikuwa imepanga nyumba huko Oyster Bay, karibu na New York. Kati ya watu 11 wa nyumba hiyo, 6 waliugua homa ya matumbo. Mwenye nyumba akamwajiri mhandisi wa mambo ya usafi, George Soper, achunguze. Alitazama maji, maziwa na vyoo, asione kosa. Mwisho akauliza juu ya mpishi, akaambiwa kuwa alikuja mpishi mpya majuma machache kabla ya maradhi, naye ameondoka. Soper alipozifuata nyumba alizopikia tangu zamani, alikuta kuwa katika nyumba 8, saba zilipata homa ya matumbo.

Soper alistaajabu kwa jambo moja: chakula kilichopikwa motoni hakingeweza kuchukua vijidudu hai, kwani moto huviua. Ndipo alipopata habari kuwa Mary alikuwa akitengeneza barafu tamu ya maziwa yenye vipande vya matunda mabichi. Kitu kile hakikupita motoni; kilitoka mikononi mwake kikaenda vinywani mwa watu.

Mwaka 1907 wakuu wa afya wa New York walimkamata Mary wakamweka kisiwani. Yeye alikataa katakata kuwa ana maradhi, maana hakuhisi lolote. Mwaka 1910 aliachiliwa kwa sharti asipike tena. Lakini kazi nyingine hazikumpa ujira kama ule wa upishi, na mwaka 1915 alikutwa akipika katika hospitali moja ya kuzalishia kwa jina lisilokuwa lake. Watu 25 waliugua hapo, na 2 wakafa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko hadi alipokufa mwaka 1938.

Sisi tulipokisoma kisa hiki darasani, wenzetu waligawanyika. Wengine walisema mwanamke huyu alidhulumiwa, kwani hakufunzwa vizuri wala hakupewa njia nyingine ya kula, na watu wengine wenye hali kama yake hawakufungwa maisha. Wengine walisema alikwisha kuonywa, na aliyeonywa hana udhuru. Twaona kila upande una haki yake. Lakini lisilo na shaka ni kwamba uzima wa mpishi si dalili ya usafi wa mikono yake, na kwamba jikoni hatuwezi kumtambua mwenye vijidudu kwa kumtazama. Basi hapana njia ila kila apikaye aoshe mikono kama kwamba ndiye.

NDUGU ZAKE WALIO KATIKA KUKU NA MAYAI

Fungu la pili la salmonela halingoji juma. Mtu hula leo, na baada ya saa 6 hadi saa 72 huanza kuhara, kutapika, homa na msokoto wa tumbo. Walio wengi hupona wenyewe baada ya siku 2 hadi 7, na dawa yao kubwa ni kurudishiwa maji mwilini.

Karamu zetu zafaa kutazamwa hapa. Kuku huchinjwa jioni, hukatwa juu ya ubao, na ubao ule ule, kwa kisu kile kile kilichofutwa kwa kitambaa, hukatiwa nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku atapikwa na vijidudu vyake vitakufa, kachumbari haipikwi. Au nyama hupikwa alfajiri ikafunikwa katika sinia mpaka baada ya adhuhuri, kwa joto la pwani yetu. Katika joto kama hilo, kijidudu kimoja chaweza kugawanyika kuwa viwili kwa muda wa kama nusu saa. Hesabu mwenyewe: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na baada ya saa 8 huwa ni zaidi ya 65,000. Wala harufu wala ladha haibadiliki.

Kwa mtu mzima mwenye nguvu, haya ni taabu ya siku chache. Kwa watoto wachanga, wazee, wenye utapiamlo, wenye virusi vya UKIMWI, na wenye selimundu, mambo ni mengine. Kwao vijidudu huweza kuvuka utumbo vikaingia katika damu, na kwa wenye selimundu hupenda kushambulia mifupa. Katika nchi zetu za Afrika salmonela ya namna hii huua watoto wengi, na pengine mtoto hahari kabisa. Huwa ni homa tu. Malaria nayo huifungulia mlango. Wataalamu walioangalia watoto wa Kilifi tangu 1999 hadi 2007, na kutoa habari zao mwaka 2011, waliona kwamba malaria ilipopungua, maradhi ya vijidudu katika damu ya watoto nayo yalipungua. Basi anayemlaza mtoto wake ndani ya chandarua amemkinga na zaidi ya mbu.

Zipo nchi zilizoonyesha kuwa jambo hili lawezekana kuzuiwa kutoka kwenye asili yake. Huko Sweden, mwaka 1953, nyama iliyotoka katika machinjio ya mji wa Alvesta iliwaugua watu wapatao 9,000, na kama 90 wakafa. Tangu hapo nchi ile ilianza kuchunguza chakula cha mifugo, mabanda na nyama, na kuku wanaoonekana na vijidudu hawaachwi kuuzwa. Leo salmonela ni haba sana katika nyama na mayai yao. Uingereza nayo ilifikwa na mtihani wa mayai mwishoni mwa miaka ya 1980, kwani kijidudu kilikuwa kikiingia ndani ya yai kabla halijatagwa. Tangu 1998 kuku wa mayai wengi huko huchanjwa, na wagonjwa wakapungua sana.

KUPIMWA NA KUTIBIWA

Sasa turudi kwa mwenzetu na swali lake. Kipimo alichopimwa huitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa aliyekitoa mwaka 1896. Kipimo hiki hakitafuti kijidudu. Hutafuta askari wa damu, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupigana nacho. Na askari hao waweza kubaki baada ya vita vya zamani, au kutokana na chanjo, au wakafanana na walioletwa na maradhi mengine, malaria ikiwemo. Kwa hivyo mtu wa miji yetu aweza kupimwa akiwa hana homa ya matumbo, na karatasi ikasema anayo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu.

Kipimo kilicho thabiti zaidi ni kutoa damu na kuiotesha katika maabara, ili kijidudu chenyewe kionekane. Hiki huchukua siku kadhaa, na gharama yake ni kubwa zaidi, nacho pia hakiwakamati wote. Katika wagonjwa 10 hupata kama 5 au 6. Lakini kikisema kimepata, kimepata. Fauka ya hayo, huonyesha ni dawa gani itakayokiua kijidudu hicho.

Na jambo hili la dawa si dogo. Kila antibayotiki inayotolewa pasipo haja, au inayoachwa katikati, hufunza vijidudu kuishinda. Mwaka 2016, katika jimbo la Sindh huko Pakistan, ilizuka homa ya matumbo iliyoshinda karibu dawa zote zilizozoeleka, ikabaki moja tu ya kumeza yenye kutegemewa na chache za sindano zenye gharama. Basi mwenye kununua vidonge dukani kwa kubahatisha hajidhuru peke yake. Hupunguza dawa ya jirani yake.

Kwa hivyo twawanasihi wasomaji wetu mambo haya. Mwenye homa apimwe malaria kwanza. Akiambiwa ana homa ya matumbo kwa kipimo cha robo saa, aulize kwa adabu: je, damu yangu yaweza kuoteshwa? Akipewa dawa na daktari, azimalize zote hata akihisi amepona. Na homa ikidumu zaidi ya siku tatu pamoja na dawa, arudi hospitali. Ama kuhara kwa kawaida kwa mtu mzima hakuhitaji antibayotiki. Yatosha maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto mchanga anayehara, au mtu yeyote atokaye damu, apelekwe kwa daktari upesi.

KUZUIA

Kwanza, maji. Mwaka 1905 mji wa Lincoln, Uingereza, ulipopigwa na homa ya matumbo, maji ya mji yalitiwa klorini, na tangu hapo miji mingi ilifuata njia hiyo. Sisi twajua kuwa mabomba yetu hayatoki maji kila siku, na wengi hutegemea visima. Katika mitaa yetu ya kale, kisima na choo cha shimo pengine hutenganishwa na ukuta mmoja, na chini yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, ambalo maji hupita upesi bila ya kuchujwa. Wataalamu husema choo kiwe mbali na kisima si chini ya mita 30. Pasipowezekana, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Na kata ya kutekea iwe na mpini mrefu, mkono usiingie mtungini. Kumbukeni pia barafu ya sharbati: maji yakiwa machafu, kugandishwa hakuyasafishi.

Pili, mikono. Sisi ni watu wa maji, na chooni hatutoki bila ya kujisafisha. Lakini maji matupu huondoa uchafu uonekanao, na usioonekana hubaki katika kucha na mikunjo ya vidole. Ajisafishaye kwa mkono ana haja kubwa zaidi ya sabuni. Wala asiseme mtu kuwa amekwisha kutawadha, yatosha. Udhu ni ibada na sabuni ni kinga, na hapana ugomvi baina yao. Basi pasikose kipande cha sabuni chooni, wala pale linapopitishwa birika kabla ya watu kukaa sinia moja.

Tatu, chakula. Kibichi kitengwe na kilichopikwa, kwa ubao na kisu mbali mbali. Kuku na mayai yapikwe yaive. Chakula kiliwe cha moto. Kikingojewa zaidi ya saa 2, kipashwe moto mpaka kitoe mvuke kote. Anayehara asipike, hata kama ndiye mpishi mkuu wa harusi.

Nne, chanjo. Ipo chanjo mpya ya homa ya matumbo ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni liliikubali mwanzoni mwa 2018, na hutolewa kwa sindano moja hata kwa mtoto wa miezi 9. Pakistan iliiingiza katika chanjo za taifa mwaka 2019. Hapa Kenya, Julai 2025, watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walianza kuchanjwa, pamoja na chanjo ya surua na rubela. Mwenye mtoto aliyepitwa na aulize katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Lakini chanjo hii ni ya homa ya matumbo tu, haiwazuii ndugu zake. Kwa hivyo sabuni isiwekwe kabatini.

Ndugu zetu, mwenzetu alipoulizwa ni lipi lililomgusa katika somo hili, alisema kuwa miaka yote alikuwa akiilaumu hewa na mvua, na hakuwahi kufunua kisima cha nyumbani kwake akatazama umbali wake na choo. Jumamosi iliyofuata alipima kwa kamba, akapata hatua 9. Siku hizi nyumbani kwake maji huchemshwa. Twamuomba kila msomaji naye apime.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini homa ya matumbo haiwezi kutoka kwa kuku?
2. Mary alipika vyakula vingi. Kwa nini barafu ya matunda ndiyo iliyoshukiwa?
3. Kipimo cha Widal hutafuta nini, na kwa nini chaweza kukosea?
4. Kijidudu kimoja kikigawanyika kila nusu saa, huwa vingapi baada ya saa 5?
5. Kisima chenu ki hatua ngapi kutoka choo kilicho karibu, kiwe chenu au cha jirani?